Lulu Zilizoletwa Kupimwa

Katoyi, Goma, Jumatano

Mkwe wangu Jephté,

Amani iwe nawe huko Butembo. Huku tunapumua, mama mkwe wako anauza tena samaki wadogo wa sambaza. Naandika kwa sababu simu siiamini.

Jana askari mmoja alinitandikia mkufu wa lulu kwenye meza yangu ya usonara. "Muzee, angalia hii. Ni ya kweli ao ni plastiki?"

Lulu za maji baridi hazipimwi kwa macho tu. Nilisugua moja kwenye jino, ikakwaruza kama mchanga laini. Basi ni ya kweli. Kisha nikatazama uzi. Kati ya lulu na lulu kulikuwa na fundo, na mafundo yale niliyafunga mwenyewe kwa arusi yenu. Tangu mkeo Kaswera atupotee njia ya Sake, tulimhesabu amekufa, hata misa ya wafu tumekwisha kumsomea.

Nikasema polepole, "Ni nzuri, lakini bila hereni zake bei inashuka."

Akacheka. "Ziko kwa masikio yake! Ule mwanamuke iko kichwa nguvu, muzee. Nilijaribu kuzitoa, akaniuma."

Yuko hai, Jephté.

Nikamweleza kwa upole kwamba hereni za lulu hupimwa zikiwa masikioni, maana joto la ngozi ndilo linalotoa mng'aro. Ni uongo mtupu. Amekubali kumleta Jumamosi. Padri na wanaume wa mtaa watakuwa uani kwangu, wakijifanya wageni, tayari kumwokoa.

Wewe usije. Niombee jambo moja: mwanangu akiniona mbele ya huyo askari, asiniite Papa.

Baba mkwe wako,
Kakule