Mama wa Kwenye Hadithi

Jumatatu, 3 Machi
Nimetuma hadithi ya wiki kundini kabla ya kumpikia Mama uji. Zamu yangu. Tuko sita kwenye WhatsApp, wanne Lodwar, wawili Kakuma, kambi ya wakimbizi. Tunasomeana na kukosoana. Sheria niliitunga mwenyewe: mwenye hadithi anafunga mdomo hadi Ijumaa. Asijitetee. Asieleze.

Yangu inamhusu binti aliyepata kazi Nairobi, akashindwa kumwacha mama yake asiyeona. Nimewaambia ni ya kubuni. Barua yenyewe ya kazi iko kwenye simu yangu. Wanataka jibu Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Wanasifu lugha. Sitaki sifa.

Joto. Mama ameniita mara tatu kuuliza kama nipo. Nipo. Niende wapi?

Jumatano, 5 Machi
Deng ameandika. Mtu wa Sudan Kusini, anachajia watu simu kambini, msomaji mkali kuliko sisi wote. Tangu mwaka jana anaomba kibali cha kutoka aje Lodwar tuonane. Ananyimwa. Maoni yake mistari miwili:

"Huyu dada hana geti, hana askari, hana kibali ya kuomba. Mimi siamini amefungwa."

Nimekasirika. Nimeandika jibu refu, nimelifuta. Sheria ni yangu; mchimba shimo huingia mwenyewe. Nimemchukia Deng hadi saa nane. Kisha nikamchukia Mama, na hapo nikajiogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemsomea Mama hadithi, nikiigeuza kwa Kiturkana sentensi moja moja. Nilijifanya ni ya mtu mwingine. Alisikiliza yote huku vidole vikisuka kikapu. Akauliza:

"Na huyo mama, mbona haongei? Alikatwa ulimi?"

Nikasema labda mwandishi alisahau.

"Hakusahau. Aliogopa kumuuliza."

Akaendelea kusuka. Baadaye akasema dada yake wa Kerio, kule ziwani, anamwita akakae naye tangu mvua zilizopita, na kwamba samaki huliwa kwa mkono, si kwa macho. Nimwambie huyo mwandishi.

Miaka minne nasema siwezi kuondoka kwa sababu yake. Sikumuuliza hata siku moja. Aibu imenishika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewajibu Nairobi. Ndiyo.

Mama anakunja nguo zake za kwenda nazo Kerio, kwa kupapasa. Hataki nimsaidie.

Kundini nimeandika kwamba Deng amesema kweli, na mwisho nitaubadilisha. Kisha nikamwandikia Deng peke yake: dada wa hadithi ni mimi, naenda Nairobi. Huko kazi itanibana, kundi linahitaji mtu wa kulishika. Nikamuuliza kama angeweza. Safari hii niliuliza.

Alijibu papo hapo.

"Wewe nenda, dada. Kundi nitashika. Mimi niko hapa hapa."

Nimeisoma tena na tena. Yeye ndiye mwenye geti.