Makala Uliyomzikia Mama

Chumba cha Nyuma,
Nyumba ya Fundi Viatu,
Mtaa wa Stendi ya Zamani.
9 Machi

Mpendwa kaka yangu, Chuku wetu,

Hujambo? Habari za huko, na za hiyo baridi unayopenda kuiandika? Natumaini mgongo umepoa, maana ulisema kwenye safu yako ya mtandaoni kwamba ukikaa sana unakuuma, na siku hizi sisi tunakujua kwa kukusoma. Mimi sijambo. Kazi yangu ya kutoa kopi inaendelea, mashine inakwama nami nakwama nayo. Wengine huku hawajambo pia, kwa maana ile ya watu wanaosema hawajambo kwa sababu muulizaji yuko mbali.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Mama amenikataza kukupigia simu na kukutumia ujumbe wowote. Hakusema nisiandike barua, na wewe unanijua, mlango ukifungwa mimi hupita dirishani. Tafuta kiti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Nianze na meza ya mama. Ulikuwa umeshaondoka alipoifunga, kwa hiyo hukuona. Mwanamke aliyeuza magazeti kwenye kona ya benki tangu sisi tunanyonya, aliyetusomesha kwa magazeti yale, wateja walihamia kwenye simu mmoja mmoja mpaka akabaki na upepo. Hakulia. Lakini kila alfajiri aliamka kama kawaida, akavaa viatu, akakaa kitandani navyo, hana pa kwenda.

Nikamtafutia simu yenye kioo kikubwa, nikaongeza balaa. Akawa mtu wa kuzunguka. Anafungua ukurasa wa gazeti la kwanza, matangazo yanamrukia usoni. Anafungua wa pili, anakuta habari zilezile za kwanza. Wa tatu unampongeza kwa kushinda gari. Akifika kwenye michezo, bando limekwisha na macho yanamwaga machozi. Na ziara hiyo aliirudia asubuhi, mchana na jioni, kwa kuogopa kwamba kitu kitatokea wakati hatazami.

Ndipo nilipomwekea kisoma milisho. Nilipokwambia ulicheka ukasema, "Mwache mama, hayo mambo ya mtandao hatayaweza." Nilimweleza hivi: kila gazeti la mtandaoni lina mfereji wake wa pembeni, unaotoa habari mpya tu, moja baada ya nyingine, bila matangazo. Huo ndio mlisho. Ukiipa programu anwani ya mfereji huo, inakwenda kuchota yenyewe na kukupangia vyote mahali pamoja. Huendi tena kwenye magazeti, magazeti ndiyo yanakuja kwako. Mama akasema, "Mimi mlisho ninaoujua ni wa kuku." Kisha akasema, "Aa, kumbe ni gari la alfajiri." Alikuwa na maana ya lile gari lililokuwa likimshushia mafurushi pale kona. Kuanzia hapo sikumfundisha tena.

Akaipanga programu kama alivyopanga meza. Siasa kundi lake, michezo kundi lake, ajali na vifo chini kabisa, kwa sababu, alisema, mtu asianze siku na maiti. Gazeti linalopiga kelele kwenye kichwa cha habari na ndani hamna kitu alilifukuza siku ya pili: "Hawa wanauza kichwa, nyama wameila wenyewe." Yale mawili yanayonakiliana akabakiza moja. Alipunguza mpaka habari za dunia nzima zikawa kazi ya kikombe kimoja cha chai, kisha simu inawekwa chini hadi kesho. Mwenye nyumba wetu, Fundi Viatu, akawa anakuja kusomewa, kwa kuwa mama bado anasoma kwa sauti ya kuwaita wapita njia.

Na juu kabisa, mbele ya siasa, pale alipokuwa akiweka gazeti linalouzika, aliweka safu yako. Usifurahi bado. Aliiweka hapo kwa sababu hupigi simu. Ukiandika, anajua u mzima. Ukiandika juu ya mvua, ananituma nikukumbushe sweta. Ule wakati ulipokaa kimya alishinda na simu mkononi, chakula hakipiti, na mimi nikavaa miwani ya mbao nikajifanya nimebanwa na kopi za watu.

Sasa la hospitali. Nilikueleza kwamba mama ana uvimbe tumboni na daktari anataka kumpasua. Wewe ulisema kazi imekubana. Mama akakataa kulazwa. Alimwambia daktari, "Mwanangu wa kiume akifika nitaingia humo kwa miguu yangu. Nataka nimwone kwanza." Daktari akasema uvimbe haumjui mwanawe. Mama akasema basi utamjua. Ikawa kila asubuhi anaifungua safu yako akitafuta jambo moja tu, uandike kwamba unakuja nyumbani.

Badala yake gari la alfajiri likamshushia "Mikono ya Marehemu Mama".

Ilikuwa Jumamosi. Mama mdogo alikuwa amekuja kutusalimia, anamenya viazi. Fundi Viatu alikuwa na kiatu cha mtu mapajani. Mama alisafisha koo, akasoma kichwa cha habari, akaendelea. Nikusifu, kaka, umeandika vizuri. Kalamu Mungu alikupa, mengine akasahau. Ulisema ulisafiri bila kulala. Ulisema ulimkuta wodini, ukamshika ule mkono wenye kovu uliokubebea magazeti, naye akakutambua. Ulisema alikwambia, "Nilikuwa nakungoja wewe tu," halafu akatulia. Ulisema mvua ilinyesha mkimzika. Mama alisoma mpaka nukta ya mwisho bila kuruka neno, kama anavyosoma habari za watu wengine. Kisu cha Mama mdogo kilikuwa hewani muda wote huo.

Mama akasema, "Kovu liko mkono wa kushoto. Ameandika wa kulia."

Kisha akauliza, "Na mimi nilikufa lini?"

Mama mdogo akaropoka, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," akajiziba mdomo kwa mkono unaochuruzika maji ya viazi. Alikuwa ameshachelewa. Uvimbe bado uko tumboni, na wewe umeshatangaza. Wapi uliona mtoto anamtangulia mama yake makaburini na koleo begani? Tangu siku hiyo Mama mdogo hajalala vizuri, na ukimtaja anatema mate pembeni.

Mchana akaja Mwalimu mstaafu, yule mteja wa mama aliyekuwa akinunua gazeti la michezo na kulificha ndani ya la siasa. Alikuwa amevaa koti jeusi na uso wa msibani. Akabisha hodi, na marehemu mwenyewe akamfungulia mlango. Mzee wa watu alirudi kinyumenyume mpaka akaingiza mguu kwenye ndoo ya Fundi. Mama akampa kiti, akampa chai, akampa na pole kwa safari. Mwalimu aliinywa chai ile bila kuinua macho. Siku nzima simu ililia, na mama alizipokea mwenyewe: "Ndiyo, ni mimi. Hapana, bado." Ningecheka hadi mbavu ziniume, kama angekuwa mama wa mtu mwingine.

Jioni mtu akakunong'oneza kwamba mama ameisoma. Ukakimbilia kwenye ukurasa wako, ukafuta hapa, ukapaka pale, na "mama yangu" akawa "mama wa rafiki yangu". Halafu ndipo ukapata muda wa kupiga simu! Ukamwambia mama kwamba mhariri ndiye aliyekosea, kwamba tangu mwanzo ulikuwa unaandika habari za mama wa rafiki, na kama haamini afungue aone. Tumekuita Chuku tangu ulipowaambia wenzako darasani kwamba baba ni rubani, na baba wa watu anaendesha lori. Lakini siku ile ulikuwa mtoto, na angalau hukumwangusha kwenye ndege.

Ulijichongea mwenyewe. Aliyefungua ukurasa jioni ile aliona ulivyosafisha. Mama hafungui kurasa, ana mlisho, na mlisho ukishachota umechota. Makala ya asubuhi ilikuwa imetulia kwenye programu yake nzimanzima, mpaka na kovu lako la kulia. Ya jioni ikaja ikakaa juu yake. Ulipokuwa unajieleza vile, mama alikuwa amekuweka kwenye spika ili akusikilize huku anazitazama zote mbili. Sote chumbani tulikuwa tunazitazama. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, lakini yako haikutoka hata nje ya kizingiti.

Alikusikiliza mpaka ukamaliza. Akasema, "Sawa, mwanangu," akakata. Mimi niliumia kwa hiyo "sawa" kuliko ambavyo ningeumia angekutukana.

Ujue kwamba nilikutetea. Nilimwambia huenda ulitamani sana kuja, ndiyo maana ukaandika kwamba ulikuja. Mama akakunja nguo aliyokuwa nayo, akasema, "Kwenye makala alipata nauli. Alipata na ruhusa kazini. Alipata mpaka mvua. Kumbe inawezekana."

Jumatatu akaenda hospitali peke yake, akasaini. Muuguzi ndiye aliyenisimulia. Anasema daktari alifurahi, akamuuliza, "Kwa hiyo yule kijana wako amefika?" Mama akajibu, "Amefika, akanishika mkono, akaondoka. Kwani wewe husomi?" Daktari alidhani ni kweli. Akamwambia ana bahati kuwa na mtoto wa namna hiyo.

Watampasua Ijumaa. Barua hii haitakuwa imekufikia. Siku utakayoifungua, mama atakuwa ameamka au hakuamka, na wewe utakuwa umesimama na karatasi mkononi hujui ni lipi. Wewe uliyejua kifo chake kabla yetu sote, hili la sasa utalijua nyuma ya wote, nyuma hata ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Ukinipigia, nitapokea nikiwa tayari kupokea. Wodi haina mlisho.

Nasikia wasomaji wako walilia sana na kwamba mhariri anaomba sehemu ya pili. Mwambie avute subira. Huenda safari hii hutalazimika kutunga.

Safu yako mama ameiondoa. Nilidhani ataniomba nimsaidie, kumbe kitufe anakijua. Alibonyeza, programu ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza tena. Mahali pako ameweka hali ya hewa, na Fundi Viatu anasema angalau hiyo ikikosea inakosea kwa nia njema.

Sikuombi uje, wala sikukatazi. Wiki hii nimekuchukia kwa moyo wangu wote, na bado jana dukani mteja alicheka kicheko chako nikaharibu kopi. Huo ndio ukweli wangu, nao sijaupaka rangi. Kama ni uchungu wa mwana, wanasema aujuaye ni mzazi. Nimekaa na mzazi huyo chumba kimoja, na ninakwambia anaujua.

Mama mdogo anakusalimu, ingawa kwa shingo upande. Fundi Viatu anakusalimu pia na anasema vile viatu ulivyomwachia avishone amempa mtu mwenye miguu ya kurudi kuvichukua. Mwalimu mstaafu hakusalimu, bado ana aibu ya ndoo. Mungu akulinde huko uliko, akupe mgongo mzima na ulimi mzito.

Nilimwambia mama kwamba nakuandikia, nikamwomba salamu zake. Alikuwa anapanga vitu vya hospitali kwenye mfuko, kanga, sabuni, chaja ya simu. Alifunga mfuko kwa upole tu, wala hakuwa na hasira. Akasema, "Mwandikie kwamba marehemu hatumi salamu."

Akupendaye, hata leo,
Mdogo wako, Kitindamimba