Mkono wa Kushoto Ndani ya Kisanduku

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa ombi lake. Kazini huitwa Dada Kioo.
Umri: Miaka 34
Kazi: Fundi wa kuunga nyuzi za intaneti
Makazi: Mtaa wa nyuma ya soko, pamoja na binti yake wa miaka minane
Yamechukuliwa: Kituo cha polisi, chumba cha pili, Alhamisi tarehe 12, saa sita mchana

Naogopa, na naomba hilo liandikwe kwanza. Afande ameniambia nitulie, siku hizi hawaandiki kwa kalamu, kila anachopiga kwenye kompyuta kinafika makao makuu papo hapo. Nikamjibu, "Haya."

Leo saa tatu asubuhi, kampuni ilinituma kwenye shimo la nyaya mbele ya hospitali kwa sababu intaneti yao ilikuwa inakatikakatika. Nilishuka. Humo kuna kisanduku cheusi ambamo tunaunga nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Mwanga unaopita ndani yake ndio unaobeba kila kitu, majibu ya vipimo, simu, siri za watu. Nilipokifungua nikakuta kifaa cha kugawanya mwanga ambacho si chetu, na uzi mmoja umetoka humo ukaingia kwenye bomba la nyaya la watu nisiowajua. Kuna mtu alikuwa anajichotea.

Lakini kifaa sicho kilichonitoa jasho. Nyuzi zinazobaki fundi huzizungusha ndani ya kisanduku, na sisi sote huzungusha kufuata mwendo wa saa. Hizi zilizungushwa kinyume, na mwisho zimefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Wenzetu hutumia vibanio vya plastiki. Uzi wa cherehani tunautumia watu wawili tu mji huu, mimi na kaka yangu, kwa kuwa mama yetu alikuwa mshonaji. Kaka husema, "Kioo ni kama mtoto mchanga, hakibanwi, kinabembelezwa." Mimi natumia mkono wa kulia. Kaka tunamwita Mashoto.

Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mume wangu alipofariki ndiye aliyenilipia pango na kumbeba mtoto mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako, Afande, ila nguo yenyewe naipenda.

Niliugusa ule uzi wa kioo ulioingia bombani, kidogo tu. Ukigusa, mwanga hutikisika, na aliye upande wa pili anajua kuna mtu. Sijatoka hata shimoni, simu ikalia. Alikuwa kaka.

"Dada, uko wapi?"

Nikasema niko sokoni.

Akacheka. "Soko gani hilo kimya hivyo? Funga kisanduku, mdogo wangu, usahau. Halafu leo mtoto anapokewa na nani shuleni? Au niende mimi?"

Hakunifokea. Ilikuwa sauti ile ile anayonitania nayo tangu utoto, na ndiyo iliyonitisha.

Nilikimbia mpaka shuleni na viatu vya shimoni, mlinzi akaniuliza kama nimetoka kulima. Nikamtoa mtoto darasani, nikampeleka kwa mtu ambaye kaka hamjui wala yeye hamjui kaka. Kisha nikaja hapa.

Afande ameniuliza mtoto yuko wapi, ili gari la doria limchukue. Nilisita. Akasema, "Mama, hapa ndipo mahali salama kuliko pote." Basi nikataja. Yuko kwa rafiki yangu mshonaji, duka lenye mlango wa kijani nyuma ya kituo cha mafuta. Nimemwambia asimtoe kwa yeyote, hata mwenye sare, mpaka ataje neno letu. Neno ni "kitufe".

(Kuanzia hapa maelezo yameandikwa kwa mkono.)

Afande alipokuwa anapiga neno hilo niliinua macho. Ukutani, juu ya kompyuta, kuna kiboksi cha intaneti kilichopoteza kifuniko. Nyuzi zimezungushwa kinyume cha saa. Mwisho zimefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Nilipiga kelele, Afande akadhani nimeona nyoka.

Nikamuuliza nani aliwafungia intaneti. Akasema, "Fundi mmoja mcheshi sana, mwezi uliopita. Anatumia mkono wa kushoto."

Yote niliyosema ni kweli na nitayarudia popote nitakapoitwa. Ila sisaini kitu mpaka nimshike mwanangu.

Saini ya shahidi: ..................

Maelezo ya askari aliyeandika: Kompyuta niliichomoa mwenyewe saa saba kasoro dakika tano. Tulimpigia mshonaji kwa simu ya shahidi, kila mara ikawa inatumika, tukaenda na shahidi kwa gari. Tulimkuta mshonaji mlangoni, akashangaa kutuona. Alisema mtoto ameondoka dakika chache zilizopita na askari aliyevaa kiraia, na kwamba alikuwa kwenye simu akijaribu kumpata shahidi amshukuru kwa kumtuma mtu mpole vile. Nilimuuliza kama alidai neno. Alisema alidai, na alipewa kabla hajamaliza kuuliza. Mtoto mwenyewe alimrukia yule mtu akicheka. Shahidi hajasaini.