Kiinua Mgongo cha Bernie

418 Mtaa wa Sycamore,
Tillman, Ohio.
18 Oktoba 1981

Mpendwa Kaka Casimir,

Hujambo huko Arizona? Wifi yangu Irena naye hajambo? Goti lake limepoa, au bado linamsumbua akipanda ngazi? Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula vizuri na anakusalimu. Juzi alitengeneza pierogi zake za kujaza viazi, nyingi mno, nusu tukazipeleka kanisani. Baridi imeshaanza.

Kaka, ninaandika nikiwa nimechukia, wala sitakuficha.

Unakumbuka mwezi wa sita tulipopunguzwa kazini, mimi na mume wangu Bernie siku moja. Kiwanda cha majiko kilituwekea karatasi mbili tuchague. Naona wewe hukuielewa ile ya pili, basi nikueleze leo. Ya kwanza ilikuwa kiinua mgongo: unapewa fedha zote kwa mkupuo, mnaagana kabisa. Ya pili ni nyongeza ya kila wiki, kutoka mfuko ambao chama cha wafanyakazi kilitupigania. Inakuja juu ya posho ya serikali ya wasio na kazi, na jina lako linabaki kwenye orodha ya watakaoitwa tena, mwenye miaka mingi kazini akitangulia.

Wewe ukapiga simu. "Shemeji, chukua chako uondoke," ulimwambia Bernie. "Hao wakishafunga hawafungui!" Basi tukajiona wajanja: yeye achukue kiinua mgongo, mimi nibaki na nyongeza, tule huku na huku.

Siku ya kusaini waliweka keki. Keki, Kaka! Sukari nyeupe juu, imeandikwa asante kwa rangi ya bluu. Nyapara Stroud alikuwa akikata vipande huku akigawa kalamu. Bernie, miaka ishirini na miwili kwenye presi, ile mashine ya kukandamiza mabati, alisaini akiwa na kipande mkononi. Hata leo nikiona keki dukani napita njia nyingine.

Zilikuwa dola elfu saba mia nne na themanini. Kodi ikameza karibu elfu mbili kabla hatujaziona. Alipokwenda ofisi ya serikali kujiandikisha, karani hakuinua hata uso. "Bwana, hizo ni mshahara wa wiki ishirini na mbili. Rudi mwezi wa kumi na moja." Mpaka leo hajapata senti ya posho. Nyongeza yangu mimi hawakuihesabu kuwa mshahara, kwa hiyo posho napata nzima, ingawa nyongeza yenyewe imeshapunguzwa mara mbili maana mfuko unakauka. Kiinua mgongo nacho kimeishia kwenye deni la nyumba, paa, na meno ya Mama.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Jumanne chama kilibandika orodha ukumbini: watu arobaini wanaitwa. Bernie alinisindikiza, eti kupitisha wakati. Alijua jina lake limefutwa, na bado aliisoma ile karatasi toka juu hadi chini mara mbili. Angekuwa wa tatu. Mimi nilikuwa wa thelathini na nane, na nimepangiwa presi nambari sita. Ni yake.

Duane Pickett, yule mropokaji, akapaza sauti: "Bernie bwana! Kumbe miaka yote ulikuwa unamshikia mkeo nafasi?" Watu wakacheka. Bernie naye akacheka. Kicheko chake ndicho kilichonichukiza kuliko vyote.

Sitaki kwenda. Ila nikikataa, nyongeza inakatwa, posho inakatwa, tunabaki mikono mitupu wote wawili. Kwa hiyo Jumatatu ya wiki ijayo nitakwenda.

Kila siku baada ya chakula Bernie ananifundisha mezani. Sinia la kuokea ndilo bati, kitabu cha simu ndiyo presi. "Mkono nje kwanza, Leona. Nje! Hiyo mashine haina macho." Presi ile ikipata joto huvuta kushoto, na hakuna aliyeandika hilo popote, analijua yeye tu. Ananifundisha kwa upole, kisha anaingia gereji na kufunga mlango.

Sikuandikii ili uombe radhi. Ukimwomba radhi atasema si kitu, halafu atajifungia tena. Mpigie simu Jumapili mchana, umuulize ile presi inavutaje kushoto. Muulize hata kama hutaelewa kitu. Mwache aseme mpaka achoke, gharama ya simu nitakurudishia.

Nisalimie wifi Irena, na Teddy, na Marysia mdogo. Mwambie Teddy bibi yake anamfumia sweta, hata kama huko hakuna baridi. Mungu awatunze, na akulindie kazi yako. Siku wakikuwekea keki, Kaka, usishike kalamu.

Dada yako akupendaye, hata akiwa na hasira nawe,
Leona