Ufunguo wa Gari Sitoi

Tooting, London

Mdogo wangu Mwanakheri,

Assalaam aleikum, wewe na wote wanaolala chini ya dari yako. Sisi huku wazima, mwili hauna neno. Goti lako vipi? Ulisema unalikanda kwa mafuta ya nazi. Endelea, na uache kukaa kwenye sakafu ya baridi. Shemeji naye aache sigara, mwambie nimesema mimi.

Haya, salamu zimekwisha, sasa nakugombeza. Nasikia Abdalla kakupigia simu, kakwambia mama yake kashikwa na polisi London, na wewe, mtu mzima na akili zako, ukamjibu: "Mnyang'anye ufunguo." Abdalla nimemzaa mimi. Wewe nimekubeba mgongoni mpaka ukajua kutembea. Leo mnakaa kikao juu yangu! Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikikutumia sauti kwenye simu, kabla ya magharibi itakuwa imeshasikika Mtwapa nzima. Jirani yangu anakuja likizo, atakupa barua hii mkononi. Isome peke yako.

Kwanza, sikushikwa. Polisi hata sijamwona sura. Huku barabarani kuna kamera juu ya mlingoti, ukipita mbio inakupiga picha, kisha barua inakufuata nyumbani. Na njia yenyewe mwisho wake maili ishirini kwa saa. Maili ishirini, Mwanakheri! Mkokoteni wa yule mzee aliyekuwa akituletea maji ulikuwa ukienda hivyo. Mimi nilikuwa karibu na thelathini, basi, dunia imepasuka.

Abdalla alikwambia nilikuwa nakwenda wapi? Najua hakukwambia. Nilikuwa nakwenda Wembley kumwosha Zuhura.

Zuhura wa Lamu, yule niliyekuja naye nyumbani mwaka ule tukakumalizia mahamri yako yote. Mimi na yeye ndio tuliokuwa tukiwaosha wanawake wa pwani wanaofia huku. Simu ikilia kwangu, napita kumchukua mlangoni kwake, tunakwenda pamoja. Yeye anamimina maji, mimi naosha. Hatukuwa tukiambizana kitu, mkono wangu ukisogea maji yanafika. Sasa asubuhi ile simu imelia, na wa kuoshwa ni yeye. Na alishaniambia kwa mdomo wake: "Fatma, kichwa changu asikiguse mtu ila wewe." Wewe ungekwenda maili ishirini?

Ile barua alinisomea Nasra, binti yake Abdalla, yule nesi. Akasema nina njia mbili: nilipe faini na leseni yangu iandikwe pointi za makosa, ama nisome darasa moja la mwendo wa gari, pointi zisiandikwe. Nikamwambia, "Nalipa. Mimi skuli niliiacha darasa la tatu, mwalimu kanichapa na mimi nikamrushia ubao. Nirudi leo na mvi zangu?"

Akaniambia, "Bibi, bima ya gari analipa baba. Akiona pointi, ufunguo anachukua siku hiyo hiyo."

Nikachagua darasa.

Darasa lenyewe ni kwenye kompyuta. Unakaa jikoni kwako, unawaona wenzako kwenye vidirisha, kila mtu na uso wa kununa. Mwalimu kijana wa Kizungu, koo limemtokeza shingoni kama la jogoo. Nikawapa salamu, nikawauliza hali mmoja mmoja kama watu, akanikatiza ati muda hautoshi. Nikanyamaza, nikavuta sinia langu nichambue mchele huku namsikiliza. Akaniita: "Fatma, tafadhali weka hicho chini." Fatma! Kavu hivyo, kama yeye ndiye aliyenipa jina. Nikasema kwa Kiswahili, polepole, "Huyu mtoto mama yake hakumfundisha kitu."

Kwenye kidirisha kimoja mzee wa Kihindi akapasuka kucheka. "Mama," akasema, "maiki yako iko wazi. Mimi nazaliwa Kisumu, nasikia yote."

"Basi sikia vizuri," nikamjibu, "na umtafsirie."

Hakumtafsiria, alikuwa anajifuta machozi. Anakaa Stanmore, alishikwa akiwahisha sambusa kwenye harusi zisipoe.

Sasa, mwalimu akatuuliza kila mtu, siku ile alikuwa anawahi nini. Mmoja kachelewa kazini. Msichana mmoja alikuwa anampeleka mbwa wake kunyolewa. Wallahi, mbwa. Nikajiuma ulimi. Zamu yangu ikafika, nikasema kwa Kiingereza changu hiki cha sokoni kwamba nilikuwa nakwenda kumwosha rafiki yangu aliyekufa. Yule kijana akashusha sauti, akaniuliza, "Pole sana. Ulifika kwa wakati?"

Nikataka kumjibu kwa ujeuri, nikarudia kuchambua mchele. Kwa sababu nilifika, Mwanakheri, na Zuhura hakuwapo. Karatasi za hospitali zilikuwa hazijasainiwa. Tulikaa na wenye msiba kwenye viti vya plastiki pale msikitini mpaka alasiri ndipo gari likamleta. Mimi nilipita njia nzima kama nakwenda kumkuta anapumua, nimshike mkono, anisute kwa kuchelewa. Hilo sikumwambia mwalimu. Nilisema tu, "Nilifika mapema." Akaniuliza na kuhusu watoto wanaovuka njia ile wakienda skuli, kama niliwaona. Sikuwaona. Sikuona kitu. Hapo hakuwa amekosea, na sitaki umwambie Abdalla kwamba nimesema hivyo.

Darasa nimepita. Pointi sina. Lakini tangu siku hiyo situlii. Barua hii yenyewe naiandika nasimama, naiandika nasimama. Nikisikia simu naruka. Nikiona si ya msiba namshukuru Mungu, kisha nazunguka jikoni kama mtu aliyepoteza kitu.

Jumapili Abdalla kaja na maneno yako mdomoni. "Mama, umemaliza darasa, vizuri. Sasa nipe ufunguo. Hata Mama Mdogo kasema."

"Na wakifa watu?"

"Atapatikana mwingine wa kuosha."

"Nani? Nitajie."

Akataja mmoja, nikamwambia yule anaogopa hata samaki mwenye kichwa. Akataja wa pili, yule karudi Mombasa. Wa tatu hakumpata. Nikaona nimeshamshika, na mimi nikishamshika mtu siachi, unanijua. Nikamuuliza, "Na mimi je? Aliyekuwa anioshe mimi ni Zuhura, tulishakubaliana. Sasa mimi nitaoshwa na nani, mwanangu? Wewe?"

Basi akainama anatazama viatu vyake, mtu mzima mwenye ndevu. Na mimi, kumbe neno lile nililirusha limpige yeye, limenipiga mwenyewe. Nikageuka kwenye sinki nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Nasra alikuwa mlangoni na nguo zake za kazini. Unajua huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote ila kinywani kinamkwama, hujibu Kiingereza. Siku hiyo akasema kwa Kiswahili: "Nitakuosha mimi, Bibi."

"Wewe unajua nini?"

"Hospitali tunawaosha. Wakifa wodini, sisi ndio tunawaosha uso, tunawafunga taya, kabla hamjaletewa nyinyi. Bibi Zuhura alifia wodini kwetu, nilimfunga mimi."

Mwanakheri, mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Nilipomfunua Zuhura siku ile, niliona amefungwa vizuri, nywele zimewekwa upande, nikasema moyoni, huyu kapita kwa mtu mwenye huruma. Sikuuliza nani. Na Nasra ndani ya nyumba hii hakuna aliyemuuliza kazi yake ni ipi hasa, tunamwambia tu ale, tunamwambia tu aolewe.

Nikamwambia, "Unaanza upande upi?"

"Popote."

"Kulia! Kulia kwanza! Njoo hapa."

Nikamlaza baba yake kwenye kochi na suruali yake. Abdalla analalamika, "Mama, mimi mzima," nikamwambia maiti hasemi, nyamaza. Nasra anamimina kwa kikombe kitupu, mimi namwonyesha mkono unavyopita chini ya shuka ili mtu asifunuliwe. Anachelewa kidogo na maji. Zuhura hakuwa akichelewa. Atajifunza.

Tulipomaliza akanyoosha mkono: "Basi nitaendesha mimi, Bibi, wewe upumzike." Nikamwambia wewe utashika ndoo. Gari naendesha mimi, maili ishirini.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu mwenye pumu, mwambie avae sweta. Mkweo mpe pole ya mguu. Na Abdalla akikupigia tena, sema hukusikia.

Ni mimi dada yako mkubwa, na nitabaki kuwa mkubwa,

Fatma