Seva iliyo chini ya meza yangu

Shoga, uko wapi? Pokea simu basi! Nimeishiwa nguvu.

Unaikumbuka ile kompyuta kuukuu chini ya meza yangu, niliyokuwa naijaribu kama inafaa kutunza misimbo ya watengeneza programu wote wa kampuni? Leo nimetoa majibu mbele ya wakubwa.

Nikawaambia kwa watu sita inakwenda vizuri, ila wiki iliyopita nilipoijaribu kana kwamba watu mia tano wameingia kwa pamoja, ilizima. Ilizima kabisa! Nikasema haifai, tusihamie.

Bosi akatabasamu. "Mbona tumeshahamia?"

TUMESHAHAMIA. Nikadhani ananitania. Kumbe wale sita wangu waliisifia kwake, naye akaamuru wote wahamishie kazi zao humo tangu Ijumaa. Seva ya zamani wameshaifuta! "Si wewe ulisema ina kasi?"

Mimi? Nilisema ina kasi kwa watu SITA.

Nikauliza nakala ya akiba iko wapi. Mwenzangu wa mitambo akanikodolea macho. "Si unayo wewe, dada?"

Sina, mwenzio. Nani anaweka akiba ya majaribio?

Basi nimeanza kunakili sasa hivi, na inajikokota kweli. Wakiingia wote kwa pamoja, tumekwisha. Nimekunja miguu kitini kama kuku anayeatamia, nisije nikagusa waya wake wa umeme. Feni inanguruma.

Na mama wa usafi huyo kaingia na ndoo yake, kainama chini ya meza. "Mwanangu, huu waya nauchomoa kidogo tu, nipige deki."