Kigelegele cha Njia ya Kaole

Bagamoyo, mtaa wa Gongoni

Kwa mama yangu Bi Zaina, Ujiji.

Shikamoo mama. Natumaini goti lako limepungua kuuma na unalala usiku. Baba naye nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemchanganya na watu wengine. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mume wangu Athumani yuko kwenye cherehani yake, pale kwenye baraza ya duka la Mhindi. Zuhura ameng'oka meno ya mbele na anajiona mtu mzima. Abdala ameanza kutembea, na sasa hakamatiki.

Najua atakayekusomea barua hii ni kaka Hamisi. Hamisi, tafadhali, ukifika katikati shusha sauti. Na usisome uani mbele ya majirani. Msomee mama chumbani.

Mama, uliniuliza watoto wanacheza wapi, maana umesikia maji ya bahari hayana adabu kama ya ziwa letu. Ni kweli, mama. Maji ya huku huondoka yakaenda zake mbali, mchanga ukabaki mtupu, halafu yakarudi. Nilipofika mara ya kwanza nilianika nguo za mtoto kwenye jiwe pale chini, nikaenda kusalimia watu. Kurudi, jiwe silioni. Walinicheka mtaa mzima.

Basi mimi watoto siwaachi wakacheze peke yao. Nawatembeza mwenyewe. Jua likishapungua ukali, navaa buibui, namfunga Abdala mgongoni, namshika Zuhura mkono, na watoto wa majirani wanatufuata. Siku za kawaida tunapita forodhani kutazama mizigo ikiteremshwa, kisha tunaingia kwenye vichochoro vya nyumba za mawe. Huko watoto wanashindana kutafuta ua lililochongwa mlangoni ambalo hawajaliona. Abdala analigusa, tunaendelea. Siku maji yakipwa asubuhi tunabeba mihogo ya kuchemsha, tunafuata ufuo mpaka Kaole, kwenye makaburi ya kale yenye nguzo. Pale nawaambia washushe sauti na watoe salamu kwa waliolala. Kisha tunakula mihogo yetu pembeni, tunaokota makombe, tunarudi.

Wanawake wa hapa mwanzoni walinisema. Walisema yule wa bara miguu yake haitulii, mke wa mtu gani huyu anazunguka na watoto kama mchunga mbuzi. Nilisikia. Lakini moyoni nilisema, nitawaonyesha kama wa bara hana adabu. Hakuna baraza niliyoipita bila salamu. Mpaka wale wale walionisema wakaanza kuniletea watoto wao, wameoshwa na kupakwa mafuta, wananiambia, "Mama Zuhura, mpitie na huyu." Nikavimba kichwa, mama. Wewe unanijua.

Kila matembezi yalikuwa yanaishia nyumba moja, ya Bi Mwanahawa na mumewe, Mzee Shomari. Bi Mwanahawa ndiye aliyenipokea nilipokuja hapa bibi harusi, sijui hata kukuna nazi yao. Alinifundisha yote bila kunicheka. Mumewe miguu ilikuwa imekufa ganzi, miaka hatoki nje ya baraza yake. Alikuwa akikaa pale anashona kofia, na watoto wakifika wanaukimbilia mtungi wa maji. Yeye anawauliza, "Leo mmeona nini?" Kila mtoto lazima aseme chake. Akirudia kitu cha jana, mzee anamwambia, "Hicho cha jana, hakina chumvi. Lete kingine." Zuhura alikuwa akitembea njia nzima anatafuta cha kumwambia Babu Shomari. Hata dagaa wako uliotutumia niliwapelekea, mzee akamwinua mmoja kwa vidole akaniuliza, "Mwanangu, huyu samaki au kucha?" Kisha akala sahani nzima.

Sasa, mama, mjukuu wao Saida alikuwa aolewe mwisho wa wiki moja hivi. Nami nilikwenda kutwanga na wenzangu, nikachambua mchele mpaka macho yakauma. Siku moja, kabla wiki haijaisha, maji yalikupwa asubuhi, nikaona niwapeleke watoto Kaole, nikirudi niendelee na kazi ya harusi. Tulikaa sana. Tulirudi jua limeinama, watoto wamechakaa kwa mchanga, wanaimba.

Tulipokaribia nyumba ya Bi Mwanahawa niliona mikeka imetandikwa nje, wanaume wamejaa barazani na kofia zao. Uani moshi unatoka, masufuria makubwa yameinjikwa, wanawake wanapita na kuni. Nikajua harusi imewahishwa. Nikasema, ah, wenyewe wameanza bila mimi. Moyo ukafurahi, mama, nikatia kidole mdomoni nikapiga kigelegele. Kirefu, kile cha kwetu. Nikapiga na cha pili. Watoto nyuma yangu wakapiga makofi.

Hakuna aliyeitikia.

Watu wote wa barazani walinigeukia. Nikamwona Athumani wangu katikati yao, ameinamisha kichwa. Nikatazama mahali pa Mzee Shomari, pale anaposhonea kofia. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa. Ndipo nilipofahamu. Mzee alifariki asubuhi sisi tukiwa ufuoni, akazikwa baada ya adhuhuri. Kilio chenyewe kilikuwa kimekwisha, watu wamekaa matanga, na mimi nimepita nayapigia matanga kigelegele.

Mama, kama ningeingia pale pale, nikavua viatu, nikaanguka miguuni kwa Bi Mwanahawa nikalia naye, ningekuwa mtu. Sikuingia. Niliwakusanya watoto kama kuku, nikapita uchochoro wa nyuma mpaka nyumbani, nikafunga mlango. Zuhura ananiuliza, "Mama, mbona hatukunywa maji kwa babu?" Nikamwambia nyamaza.

Athumani aliporudi hakunigombeza. Alitundika kofia yake msumarini akaniuliza, "Umekwenda kwa wanawake wenzako?" Nikasema naumwa tumbo. Kesho yake akauliza tena, nikasema tumbo bado. Siku ya tatu ikasomwa khitma, matanga yakaondolewa, na mimi nimejifunika shuka mchana kweupe. Mtu aliyenifundisha kukuna nazi amefiwa na mumewe, mimi nimelala kitandani mzima. Matembezi nikayakata. Watoto wa majirani walikuja na mafuta yao mwilini wakasimama mlangoni, nikawarudisha. Maji nilikwenda kuchota alfajiri nisionane na mtu. Sikuogopa kuchekwa, mama, kuchekwa nimezoea. Niliona haya mbele ya yule bibi, haya ya kweli, ile inayokufanya chakula kikushinde.

Siku moja akaja Saida, yule bibi harusi ambaye harusi yake imeahirishwa. Ameshika sahani imefunikwa kawa. Nilitamani ardhi ipasuke. Akasema, "Bibi anakusalimu. Anasema siku ya khitma watoto wako hawakupata chakula chao, kwa hiyo amewapikia." Nikafunua. Wali na nyama, na pembeni ameweka muhogo wa kuchemsha, maana anajua Zuhura anaupenda. Saida akaondoka. Watoto walikula. Mimi nikaiosha sahani.

Sasa ile sahani ikabaki kwangu. Unajua mwenyewe, sahani ya mtu hairudishwi tupu, na mimi sikujua nitie nini ndani yake. Nilitaka kukuandikia nikuulize. Nilikaa na kalamu nikaona aibu hata kuandika, na barua mpaka ifike Ujiji na jibu lirudi, sahani ya mfiwa itakuwa imekaa kwangu mwezi mzima. Nikafungua kile kikapu ulichotutumia, nikatoa dagaa waliobaki, nikawakaanga kwa mawese uliyonipa, na kitunguu. Nikawaambia watoto, vaeni, tunatoka.

Nilipita njia ile ile, mchana, mbele ya baraza zote. Nilisalimu kila moja. Waliitikia vizuri, lakini nikishapita nilikuwa nasikia kimya mgongoni kwangu. 

Bi Mwanahawa yuko eda, mama. Nilimkuta chumbani, amevaa nguo nyeupe, amekaa kwenye mkeka wa marehemu. Kwa muda wote wa eda hatatoka nje ya nyumba. Nilipiga magoti nikaweka sahani chini, nikataka kusema yale niliyojipanga nayo, yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Bibi, nisamehe kile kigelegele."

Akaniambia, "Kigelegele nilikisikia, mwanangu. Nilijua ni wewe, nilijua umekosea, huku kwetu hakuna apigaye kirefu vile. Nikawaambia wenzangu acheni nafasi hapa ubavuni, mwanangu amekuja." Akapapasa mkeka ubavuni kwake. "Nilingoja uingie."

Mama, angenitukana ningepona. Nililia, na yeye akalia, na Abdala naye akaanza kulia asijue kwa nini. Tulipochoka Bi Mwanahawa akafunua sahani, akatazama dagaa, akasema, "Kucha zake hizi." Akala mmoja. Kisha akamgeukia Zuhura, aliyekuwa amejibanza mlangoni karibu na mtungi, akamwuliza, "Haya, na mimi siku hizi sitoki. Leo mmeona nini?"

Zuhura akanitazama, akamtazama bibi, akasema, "Tumemwona mama analia njiani, tukimwuliza anasema ni mchanga umemwingia."

Bi Mwanahawa akajifuta uso kwa upande wa kanga, akasema, "Hicho kipya. Kaa hapa, mwanangu, uniambie na kingine."

Basi tumeanza tena matembezi, na mwisho wake ni pale pale, mpaka eda iishe na baada ya hapo pia, Mungu akipenda. Ile nafasi ya ubavuni kwake ninaiona kila nikiingia. Hata nikikaa hapo mara ngapi, siku yenyewe ya kukaa haikunikuta.

Nisalimie bibi mzaa baba, umwambie miguu yangu bado haitulii. Msalimie mjomba mvuvi na wenzake wa ziwani, mama mdogo mkunga, na jirani yetu mfinyanzi. Mke wa Hamisi mwambie Athumani anaishona nguo ya mtoto wake. Ukipata mtu wa kuja na treni mpe dagaa, hata kama ni kidogo. Wana mlaji wao huku sasa.

Hamisi, ukishasoma ikunje, umpe mama aiweke.

Mimi mwanao ninayekuonea haya kutoka mbali,
Tatu, mama Zuhura